Tunapochagua Mahali pa Kukaa, Nani Hulipa Bei?



Katika maombi yetu tunazitaja mara nyingi familia zinazojiandaa kuhama. Wengine wanataka kutoka kambini na kupanga nyumba Mahoko au Gisenyi mjini, wengine wanawaza Kigali, na wachache wanangoja safari ya nchi za mbali. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kukaa nje ya kambi na kufanya kazi. Lakini anayekwenda mjini anajua kwamba, kwa kawaida, msaada wa kila mwezi anauacha kambini. Kodi ya nyumba, makaa, maji, sabuni na daftari za watoto, vyote vitatoka mfukoni mwake. Ndiyo maana karibu kila mtu anaanza kwa kuuliza: nyumba ya bei rahisi iko wapi?

Swali hilo ni la haki. Hatuwezi kumlaumu mzazi mwenye watoto sita na faranga chache. Lakini tunaomba tuliongezee swali la pili: bei ya mahali hapo italipwa na nani? Kila mahali pana bei mbili. Ya kwanza inatajwa na mwenye nyumba, nasi tunailipa kwa faranga. Ya pili haitajwi na mtu. Inalipwa kwa miguu, kwa usingizi, kwa afya, na mara nyingine kwa uhai. Na mara nyingi anayelipa hiyo ya pili siye aliyechagua.

Tuitazame Mahoko yenyewe. Ni mahali pazuri kwa mtu anayeanza upya. Soko lipo, barabara kuu ya Musanze na Kigali inapita hapo, kibarua kinaweza kupatikana, na Gisenyi si mbali. Lakini hapo hapo unapita mto Sebeya, unaoteremka kutoka milima ya upande wa Gishwati, ukapita Nyundo na kuingia Ziwa Kivu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha na Sebeya ikafurika wakati watu wamelala. Katika Rwanda watu zaidi ya 130 walifariki, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi, na maelfu ya nyumba zilibomoka. Juma lile lile, tarehe 4 Mei, maji na matope yaliua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, Kivu ya Kusini. Baada ya maafa hayo serikali ya Rwanda iliwataka watu waliokaa sehemu za hatari wahame.

Sasa mtu akikuonyesha nyumba karibu na mto, yenye kodi ndogo kuliko zote, usifurahi kabla ya kuuliza kwa nini ni ndogo. Huenda bei imeshuka kwa sababu hatari imepanda. Na hatari hiyo haiwapimi watu wote kwa kipimo kimoja. Baba mwenye nguvu akisikia maji usiku anaweza kuruka na kukimbia. Mtoto mchanga, bibi mwenye miguu inayouma, mama mjamzito, hao hawaruki. Kodi tunayookoa sisi wenye nguvu, wao ndio wanaoiwekea dhamana.

Je, basi wote twende mlimani? Huko nako kuna bei. Mteremko mkali wenye udongo laini unaweza kuporomoka, na mwaka 2023 wengi walifariki kwa kuangukiwa na nyumba na udongo. Hata pale ambapo udongo ni imara, tuulize bomba la maji liko wapi. Kama liko chini bondeni, nani atapanda na bidoni asubuhi na jioni? Tunajua jibu: ni mama, na binti wa miaka kumi na miwili ambaye baadaye atafika shuleni amechelewa. Hakuna mahali pasipo na bei, na hatusemi mtu atafute mahali pa namna hiyo. Tunasema kwamba yule atakayebeba mzigo wa mahali anapaswa kuulizwa kabla ya mkataba, na neno lake liwe na uzito kuliko la yule atakayebeba kidogo.

Maandiko yanatupa mfano wa Lutu (Mwanzo 13). Abrahamu, ijapokuwa ni mkubwa, alimwachia mwana wa ndugu yake achague kwanza. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lenye maji mengi, akalichukua lote. Tunasoma juu ya macho ya Lutu, lakini hatusomi kwamba alimwuliza mkewe, wala binti zake. Tusome tena sura ya 19 tuone ni nani waliolipa: mke alipotea njiani, na mabinti wakaishia pangoni. Lutu mwenyewe mwishoni alikaa mlimani kwa hofu. Bonde halikuwa baya kwa macho. Kosa lilikuwa kuchagua kwa ajili ya mifugo na kusahau watu.

Tena anayelipa anaweza kuwa nje ya nyumba yetu kabisa. Miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Miradi ya ufugaji ya miaka ya 1980, kisha makazi ya watu waliohamahama na waliorudi nchini baada ya 1994, viliupunguza hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikabaki hekta mia chache tu. Wengi waliolima pale walikuwa watu kama sisi, waliotafuta mahali pa kulaza watoto wao, nasi hatuwahukumu. Mvua ya 2023 ilikuwa kubwa mno, na miti peke yake isingeizuia yote. Hata hivyo mlima uliovuliwa miti hushusha maji na udongo kwa haraka, na wanaokaa kando ya mto ndio wanaoyapokea. Basi nasi tunapoingia mtaa mpya tujiulize vilevile. Je, kuni zetu zitatoka mteremko gani? Je, tumeahidi kodi ya juu ili mwenye nyumba amfukuze mpangaji aliyekuwamo? Nyumba iliyopatikana kwa kumtoa mtoto wa mwenzetu nje haiwezi kuitwa baraka.

Wengine watatujibu kwa imani: Mungu aliyetuvusha mpaka atatulinda popote. Amina, tunaamini hivyo. Lakini shetani alipomwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, Bwana alikataa (Mathayo 4). Kumtegemea Mungu ni jambo moja, na kumjaribu ni jambo lingine. Tena ni rahisi kuwa na imani kwa hatari itakayompata mwingine.

Wengine watasema: watu wa Goma wanakaa chini ya Nyiragongo. Moto wa mlima uliingia mjini tarehe 17 Januari 2002, ukashuka tena tarehe 22 Mei 2021, watu wakakimbilia Gisenyi, na baadaye wengi walirudi. Je, ni wajinga? Hapana. Kazi yao iko Goma, jamaa zao wako Goma, kanisa lao na makaburi ya wazazi wao yako huko. Mtu mzima anayeijua hatari na kuikubali kwa sababu nzuri anastahili heshima. Lakini asiikubali kwa niaba ya wasioweza kusema, bila hata kupanga nani atambeba bibi siku ya kukimbia.

Jibu gumu zaidi ni hili: maskini hachagui. Wako kweli wasio na nafasi ila ile nyumba ya kando ya maji. Hapo, wapendwa, swali linahama kutoka kwao na kutujia sisi kama kanisa. Anayefika mgeni hajui maji yalifika wapi mwaka 2023. Sisi tunajua, au tunaweza kuwauliza majirani na mkuu wa mudugudu. Kunyamaza huku tukijua ni kumwacha ndugu alipe deni asiloliona. Familia yenye chumba imara inaweza kuwapokea watoto wa wenzao kulala miezi ya mvua. Vijana wanaweza kumbebea maji mama mzee aliyekubali kukaa mlimani. Kikundi cha akiba kinaweza kuongezea kidogo kwenye kodi ili familia isogee mbali na mto. Haya si makubwa, lakini yanahamisha sehemu ya bei kutoka mgongo dhaifu kwenda mgongo wenye nguvu. Ndivyo tunavyobebeana mizigo.

Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, na kuutafuta usalama wa mji ule waliomo (Yeremia 29). Kwa hiyo kuhama na kujenga upya si dhambi wala si kukata tamaa ya kurudi nyumbani. Ila kabla ya kutoa faranga za mwezi wa kwanza, tuketi jioni moja na wote wa nyumbani, mdogo hata mzee, na kila mmoja aseme atakachobeba mahali pale. Akiwapo ambaye mzigo wake unamzidi, tutafute tena.

Bwana awape hekima wote wanaohama, na atupe sisi tunaobaki moyo wa kuwasaidia. Amina.