Wigo wa Nyumba na Haki ya Jirani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu, watu wa pwani! Ametuuliza mmoja katika nyinyi, aliyehama kwa biashara ya kahawa akaweka maskani yake Mabira, katika wilaya ya Kyerwa, ambayo hata mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe. Asema ya kuwa nyumba yake ilikuwa imesitirika katikati ya migomba, mpita njia asione kitu cha ndani. Kisha yakamfika maradhi ya mnyauko, yaliyodhihiri katika mkoa wa Kagera mwaka 2006, akalazimika kuing'oa migomba yake. Na leo mkewe hawezi kuanika nguo ila macho ya watu yako juu yake. Ataka kupanda wigo wa mnyaa, kwa kuwa huota upesi. Lakini mpakani pake na jirani yake, bibi mjane asiye Mwislamu, pana safu ya miti ambayo wenyeji huiita mlamula. Naye ataka kuing'oa apande minyaa mahali pake, kwa hoja kuwa watu wa kale waliihusisha na mizimu. Je, yafaa?

Jawabu letu ni hili. Kutaka sitara ni jambo jema, bali ni katika adabu kubwa za dini yetu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nur ametukataza kuingia nyumba za watu mpaka tutake idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Na Mtume wetu s.a.w. alibainisha ya kuwa kutaka idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Wazee wetu wa pwani waliyafahamu haya, wakajenga baraza nje ili mgeni asiwe na haja ya kuingia ndani, na nyuma ya nyumba wakazungusha ua wa makuti. Basi ndugu yetu hana lawama kwa kutaka wigo.

Lakini itazameni vema sura hiyo. Amri ya kuinamisha macho imewaelekea wanaume kwanza, kisha ndiyo yakaja maneno ya wanawake. Wako katika sisi waume ambao wigo wao ni mrefu na macho yao ni marefu zaidi: mke amefungiwa ndani, naye bwana ameketi barazani akihesabu wake za watu wapitao. Mtu wa namna hii hata akizungusha kuta saba, nyumba yake haijasitirika.

Ama kung'oa mlamula, hilo halijuzu. Neno kulamula, kwa lugha za nchi ile, maana yake ni kuamua. Na mti huo umepewa jina hilo kwa sababu ndio uamuao baina ya watu. Hapana thamani ya kufikiri: ni kijiti cha majani marefu ya kijani, ukikata tawi ukalichomeka katika udongo huchipua, na watu wake hupanda mpakani mwa shamba la huyu na la yule. Dasturi ya Wachaga ni kama hiyo, nao huuita isale. Na wanazuoni wetu wameweka kanuni ya kuwa dasturi ya watu ni hakimu maadamu haipingani na sharia. Basi mlamula ni alama ya ardhi. Na imepokewa na Muslim kwa Ali bin Abi Talib r.a. ya kuwa Mtume s.a.w. alimtaja katika waliolaaniwa na Mwenyezi Mungu mtu abadilishaye alama za ardhi. Na katika Hadithi ya Said bin Zaid r.a. imetajwa ya kuwa mwenye kudhulumu ardhi kadiri ya shibiri moja, atavikwa shingoni Siku ya Kiama kutoka ardhi saba. Shibiri moja, ndugu zangu! Wigo wa mnyaa ukinenepa miaka miwili hula zaidi ya shibiri.

Na hoja ya mizimu haimwokoi. Itikadi ya ushirikina imo moyoni mwa mtu, haimo katika majani. Akatae kuutukuza mti, na mpaka auache mahali pake. Twachelea asije akavaa joho la tauhidi, na chini yake mna tamaa ya ardhi ya mjane.

Ama mnyaa wenyewe, ni kweli huota kwa kuchomekwa tu, huvumilia ukame na mbuzi hawaupendi. Lakini utomvu wake mweupe huchoma ngozi, na ukiingia jichoni huumiza vibaya, hata mtu aweza kupofuka. Kuupanda njiani wapitapo watoto ni madhara, na Mtume s.a.w. amekataza kudhuru na kudhuriana. Mchongoma ni bora: miiba yake huzuia mnyama na mwizi, na matunda yake huliwa, ila wataka kukatwa mara kwa mara usimrarue mpita njia. Mhina wetu wa pwani una harufu nzuri na faida kwa wanawake, ila ni mti wa nchi ya joto, na Karagwe na Kyerwa ni nchi ya vilima na baridi. Mkaratusi asiukaribishe mpakani, kwa kuwa hunywa maji na kudhoofisha mimea ya jirani. Na kama mlamula wenyewe unastawi pale, kwa nini asipande safu ya pili upande wake, ipandane kwa karibu, iwe pazia lisilo miiba wala sumu?

Basi afanye hivi. Mvua zianzapo, na apande ndani ya ardhi yake, aache nafasi ya mtu kupita na panga apate kukata pande zote mbili bila kukanyaga kwa jirani. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, aende kwa yule bibi, apige hodi, asimame kando ya mlango, amweleze haja yake mbele ya wazee. Na wakitofautiana, lipo baraza la ardhi la kijiji, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1999. Wala asiseme, "Huyu si wa dini yangu." Abdullahi bin Amri r.a. alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza je, jirani yetu Myahudi amepelekewa? Akataja jinsi Jibrili alivyomuusia Mtume s.a.w. juu ya jirani, hata akadhani atamrithisha.

Kumbukeni nayo ya kuwa wazee wetu hawakuingia nchi ile kwa nguvu. Stanley alipopita mwaka 1876 aliwakuta wafanya biashara wa pwani Kafuro, wakikaa kwa idhini ya mfalme Rumanyika. Mgeni aliyekaribishwa akihamisha mpaka wa mwenyeji, aibu yake haiwi yake peke yake, bali yatufika sote, na dini yetu husemwa kwa ajili yake.

Mwenye kupanda mti, akala ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Tumwombe Mwenyezi Mungu autie wigo wa ndugu yetu katika sadaka, asiutie katika dhuluma; na atusitiri sisi na jirani zetu duniani na akhera. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.