Kuhesabu Nyumba na Kuhesabu Magomvi



Mwezi huu twataka kulipima swali ambalo wazee wetu hapa Buhembe wamelibishania mara nyingi: Watu wakipatwa na msiba mkuu, je, ni halali kuyaandika magomvi yao kabla ya kuwajengea nyumba? Wengine husema, Sivyo, maana kuyataja magomvi ni kuyaamsha. Wengine husema, Asiyeyajua hujenga juu ya moto uliofunikwa na majivu.

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, nchi yetu ilitikisika. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia waliumia, na nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Mwezi wa Januari 2017 Rais Magufuli alikuja Bukoba, akasema kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, bali itatengeneza yaliyo ya watu wote. Basi msaada wa nyumbani ulikuwa haba, na kitu haba huzaa manung'uniko. Nyufa za kuta ziliandikwa upesi; lakini nyufa zilizo kati ya mtu na jirani yake hatukumwona mtu aliyeziandika.

Hapo twaungama kosa letu wenyewe. Tulisaidia kuandika majina ya wenye nyumba katika kitongoji kimoja. Tulikuwa na haraka, tukamwuliza mwanamume aliyesimama uani, Nyumba hii ni ya nani? Akajibu, Ni yetu. Tukaandika jina lake. Kumbe alikuwa shemeji ya mjane aliyekaa humo. Mabati yalipokuja, yalikwenda kwake, na mjane akabaki chini ya turubai pamoja na wanawe. Hatukuiba, wala hatukusema uongo. Walakini kalamu yetu ilimnyang'anya. Tulipokwenda kulitengeneza jambo, ukoo ulikuwa umekwisha kugawanyika.

Je, hatukuweza kujua? Tuliweza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyokaa Mwanza iliamua shauri lililotoka Muleba. Mwanamke alikuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza. Mtu wa ukoo akampinga, kwa kuwa desturi haikumruhusu mwanamke kuiuza ardhi hiyo. Jaji akaamua kwamba haki yake ni sawa na ya mwanamume. Basi ufa huo ulijulikana miaka 26 kabla ya tetemeko. Tetemeko halikuuleta, liliupanua tu.

Tuangalie na nchi za mbali. Mwezi wa Desemba 2004 bahari iliinuka, ikaua watu wengi sana Aceh katika Indonesia, na Sri Lanka pia. Nchi zote mbili zilikuwa na vita vya ndani. Watu wa Aceh na serikali yao walifanya mapatano mwezi wa Agosti 2005. Lakini huko Sri Lanka mapatano ya kugawana msaada yalivunjika, na mwaka 2006 vita vikarudi. Maji yalikuwa yale yale. Kwa hiyo msiba peke yake hauwapatanishi watu, wala hauwagombanishi. Yategemea namna wanavyotendeana baada yake.

Hata hivyo wanaoogopa kuandika wana neno la kweli. Orodha yenye majina ya wagomvi ni silaha, na ikianguka katika mikono mibaya itaumiza. Kwa sababu hiyo twashauri yaandikwe mambo na mahali, yasiandikwe majina ya watu. Wazee wakae, na wanawake wakae peke yao, na vijana vile vile, maana mjane hatasema mbele ya shemeji yake. Kila kundi lichore kijiji chini kwa kijiti: chemchemi, njia, vibanja, na mipaka iliyopandwa omulamula, mti ambao jina lake lafanana na neno kulamula, yaani kuamua. Kisha waweke jiwe kila mahali panapogombaniwa: hapa maji, hapa urithi, hapa mpangaji na mwenye nyumba. Penye mawe mengi, baraza litangulie, mabati yafuate. Majina ya watakaopewa yasomwe mbele ya watu wote, na jina la anayelala ndani ya nyumba liandikwe pamoja na la anayeidai. Tena iwekwe siku ya kusikiliza malalamiko kabla ya kugawa, si baada yake.

Mitume nao walifanya hivyo. Katika Matendo sura ya 6 twasoma habari za wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuyaita manung'uniko yale uasi, wala hawakuyafunika. Waliwakusanya watu, wakachaguliwa saba wa kuiangalia kazi ile.

Basi jibu letu ni hili. Kuyaandika magomvi ni halali, tena ni wajibu, ikiwa twayaandika ili aliye mnyonge asipotee katika hesabu. Ni dhambi, ikiwa twayaandika ili kuwahukumu watu. Waalimu na wazee wa kanisa, tetemeko jingine halitatupigia hodi. Ulizeni sasa, wakati kuta zingali zimesimama: katika kitongoji chenu, ni nani ambaye jina lake halingeandikwa?