Mkato Usioonekana

Ndugu msomaji, nianze na kosa langu, maana bila hilo sina la kukueleza.

Nilikuwa mwaka wa pili hapa Kampala, na katika jumuiya yetu mimi ndiye niliyekuwa "mtu wa video". Siku hizo mihadhara ilikuwa bado ikiuzwa kwa DVD mlangoni mwa msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Tulimwalika shekhe mmoja aje atuzungumzie kwa Kiswahili, sisi tuliotoka Mombasa, Tanga, Bujumbura na Goma, ambao Kiganda kilikuwa bado kinatupiga chenga. Mada ilikuwa chumo la halali. Alizungumza saa mbili na nusu, na katikati mvua ikashuka juu ya mabati kwa kishindo. Ikabidi apaze sauti, akakohoa, akasubiri, akaendelea.

DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Ukitaka uso wa mtu usionekane kama vigae, hapo inaingia video ya saa mbili hivi, pamoja na ile menyu ya mwanzo na vifungo vyake. Kwa hiyo nusu saa ilikuwa lazima iondoke, na wa kuiondoa nilikuwa mimi, peke yangu, hosteli, usiku.

Aliyewahi kukaa mbele ya programu ya kuhariri video anaujua utamu wake. Mhadhara wote umelala mbele yako kama kitambaa juu ya meza ya fundi cherehani. Sekunde moja ina picha 25, na unaweza kupitisha mkasi kati ya yoyote mbili. Kikohozi unakitoa. "Eee" unaitoa. Mtu aliyesitasita anageuka msemaji fasaha, na hakuna anayejua kuwa ufasaha ule ni wako. (Programu yenyewe nilipewa na rafiki, kufuli lake limeshavunjwa. Nalo lina hukumu yake: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Kuwait Desemba 1988 iliamua kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi zinalindwa kisharia. Siku hizi natumia Kdenlive, ambayo wenyewe wameitoa bure kwa ridhaa yao. Lakini hilo ni la siku nyingine.)

Shekhe alifika mahali akasema kuwa Mwislamu hana kazi katika benki ya riba, akalisema kwa namna iliyoutikisa ukumbi. Hapo ndipo mvua iliposhika. Ndani ya kelele ile akaongeza maneno ya kama dakika moja: kwamba mwanafunzi aliyepelekwa huko na chuo kwa mafunzo ya vitendo, ambaye hakujichagulia, suala lake ni jingine na lina maelezo, asiamue peke yake, amwendee kwanza mwenye elimu. Sauti ilikuwa mbaya. Nikaitoa ile dakika. Nilijiambia ni kwa sababu ya mvua, na mvua kweli ilikuwepo. Lakini pia ile sentensi ya kwanza ilipendeza ikiishia pale, na nilipoisikiliza bila mkia wake nilitabasamu.

Mkato mtupu huonekana. Kichwa cha msemaji huruka ghafla, mkono uliokuwa juu unajikuta chini. Dawa yake kila mhariri anaijua: unafunika mshono kwa picha nyingine. Nilikuwa na picha ya safu ya mbele wakitikisa vichwa kwa kukubali, niliyoipiga dakika arobaini kabla ya hapo, nikaibandika juu ya mshono. Ikawa laini kabisa. Kwenye menyu, kifungo cha sehemu ile nikakipa jina "Benki: haramu". Tukachoma nakala mia moja na ishirini.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu, anayesoma uhasibu, alikuwa amepangiwa mafunzo yake ya vitendo benki. Aliitazama ile DVD, akayaacha mafunzo katikati. Hakumwuliza mtu, angemwuliza nani, na shekhe ameshamaliza? Bila mafunzo yale hakuweza kuhitimu. Akarudia mwaka, na karo ya mwaka huo baba yake aliipata kwa kuuza pikipiki iliyokuwa ikimlisha.

Wenzangu waliponiona nimenyong'onyea walinikumbusha nia. Hukukusudia, walisema, na mambo huhukumiwa kwa nia. Nilitamani iwe hivyo. Lakini nia inaangalia thawabu na dhambi yangu. Haimrudishii mtu pikipiki yake, wala haijibu kama nilichokifanya kilikuwa kinafaa kufanywa.

Swali lenyewe si geni. Wanachuoni wa hadithi walilijadili karne nyingi kabla ya umeme: je, mpokezi anaruhusiwa kusimulia sehemu ya hadithi na kuiacha nyingine? Ibn al-Salah, aliyefariki Damascus mwaka 643 Hijria, yaani 1245, anaeleza kuwa wako waliokataa, wako walioruhusu, na kwamba lililo sawa ni kupambanua. Inafaa kwa mjuzi, iwapo alichokiacha hakikufungamana na alichokisimulia, kiasi kwamba maana haiharibiki. Ndiyo sababu sharti, kikomo na neno la kutoa, kama "isipokuwa" au "mpaka", haviguswi. Chukua katazo mashuhuri la kuuza matunda kabla hayajaonyesha dalili ya kuiva. Ondoa kile kikomo, na wauza maembe wote wa soko la Nakasero wanakuwa wakosaji. Na sote tunamjua yule anayesoma aya inayokataza kuikaribia swala, akanyamaza kabla ya kufika penye ulevi.

Bukhari mwenyewe alizigawa hadithi vipande akaviweka katika milango mbalimbali. Kwa hiyo mkasi si haramu, na anayesema tusikate kabisa hajawahi kushika kamera. Kuigeuza kamera upande huu tayari ni kuukata upande ule. Kwa kipimo cha Ibn al-Salah, kikohozi kilikuwa halali yangu. Ile dakika haikuwa yangu.

Hata hivyo, nikiwa mkweli, kinachoniuma zaidi ni zile picha za vichwa vinavyotikisika. Muda mrefu niliuona ule kuwa ufundi tu, kama fundi anavyopiga pasi mshono. Kisha nikakikumbuka kisa cha sokoni Madina ambacho sote tumesomeshwa tangu madrasa: Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikagusa majimaji. Mwenye mali akatoa udhuru, na udhuru wake ulikuwa mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona.

Nami nilikuwa na mvua yangu. Kama ningeacha mkato uonekane, kichwa cha shekhe kikaruka, mtazamaji angejua kuna kitu kimetoka hapa, na pengine yule dada angeuliza ni nini. Wanachuoni wa hadithi wanalo neno kwa mpokezi anayeficha kasoro ya upokezi wake: tadlisi, neno ambalo asili yake ni sokoni, kuificha aibu ya bidhaa. Na upokezi wa video ni mzito zaidi, kwa kuwa anayetazama anaamini kwamba hapokei kutoka kwa mtu yeyote. Anaona kwa macho yake. Mimi sipo.

Programu hizi, kwa kweli, zina adabu kuliko sisi. Ukikata, faili la kamera haliguswi. Programu inaandika pembeni tu kwamba anzia hapa, ishia pale. Hata baada ya mwaka unaweza kukirudisha kipande mahali pake. Hakuna kinachopotea mpaka mwenye kompyuta afute. Nami nilifuta. Diski ilijaa, na Jumamosi kulikuwa na harusi ya kupiga.

Kampala hii ina mfano mashuhuri wa jambo hilo. Nabwana I.G.G. wa Wakaliga alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kompyuta yake haikuwa na nafasi, akaifuta filamu ile ili atengeneze inayofuata. Iliyobaki duniani ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, akitania na kushangilia kwa kawaida ya ma-VJ wa vibanda vyetu vya video, ambao hukutafsiria sinema na kuongeza ya kwao humo humo. Watu wanaipenda hivyo hivyo, nami pia. Lakini kwa lugha ya wanachuoni ile ni mudraji, maneno ya mpokezi yamechanganyika na ya asili. Mudraji hugunduliwa kwa kulinganisha na njia nyingine za upokezi, na njia nyingine hapa hakuna. Katika filamu ya mapigano tunacheka. Katika fatwa?

Leo DVD zimekwisha, na mkasi umo katika simu ya kila mmoja wetu. Shekhe wa saa mbili anazunguka kwa sekunde thelathini. Mimi mshono siufuniki tena. Ninaweka sekunde moja ya weusi mtupu, na wenzangu wananiambia inachukiza macho. Faili la kamera ninalihifadhi diski ya pembeni, na mzungumzaji anaitazama kazi kabla haijatoka. Baadhi yao hawaitazami, wanasema wananiamini, na hilo linanitia hofu.

Nilikwenda kwa shekhe nikamweleza. Hakukasirika. "Mwanangu, ile dakika iko wapi? Nipe, yule binti aisikie." Sikuwa nayo. Akaisema upya mbele ya kamera, siku ya jua, tukachoma nakala nyingine. Zile za kwanza tulifanikiwa kuzirudisha kumi na tisa.

Kisha nikaenda kwa yule dada, pamoja na kaka yake, nikiwa na kompyuta mkononi. Alitaka kwanza kuiona tena ile ya zamani. Alipofika pale akaisimamisha, akaitazama ile safu ya mbele.

"Kaka, na hawa walikuwa wanakubali nini?"

Nikamwambia: shekhe alikuwa anazungumzia kuwatii wazazi.