Sauti ya Aliye Mdogo Kabla ya Safari

Soma kwa ajili ya somo hili: Matendo 27:9–44, 2 Wafalme 5:9–14, Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 4:5–7.

Anayesafiri kutoka Mazimbu kwenda Dar es Salaam hupitia kwanza stendi ya Msamvu, ambako mabasi huingia na kutoka tangu alfajiri. Chukua mfano wa kondakta kijana ambaye, basi lilipokuwa likiingia stendi, alisikia breki za nyuma zikilia kwa namna asiyoizoea. Dereva amemzidi umri kwa miaka 20, tena ndiye aliyemtafutia kazi. Abiria wamekwisha kuketi. Mwenye gari amepiga simu mara mbili kuuliza kwa nini hawajaondoka. Kijana amelelewa vizuri, anajua kwamba mdogo hamfundishi mkubwa kazi yake mbele za watu. Je, akinyamaza, kunyamaza huko ni heshima au ni dhambi?

Soma Matendo 27:9–12. Akida alikuwa na sababu gani za kumsikiliza nahodha kuliko Paulo?

Kwa haki, sababu alikuwa nazo. Nahodha aliijua bahari. Mwenye merikebu alikuwa na mali yake ndani. Paulo alikuwa mfungwa, na ufundi wake ulikuwa wa kushona mahema. Bandari waliyokuwamo haikufaa kukaa wakati wa baridi, na walio wengi walitaka kuondoka. Kisha upepo wa kusini ukavuma taratibu, kila mtu akaona jambo limekwisha kuamuliwa. Luka anasimulia haya bila kumdhihaki mtu yeyote. Uamuzi ule mbaya haukufanywa na wapumbavu. Ulifanywa na watu wenye ujuzi ambao walikuwa wamechelewa.

Mambo kama hayo yalitokea usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007 katika uwanja wa ndege wa Douala, Kameruni. Ndege ya Kenya Airways iliyotoka Abidjan ilikuwa ikielekea Nairobi, na tayari ilikuwa imechelewa kwa zaidi ya saa moja kwa sababu ya dhoruba. Marubani wa mashirika mengine mawili waliamua kungoja. Hali ya hewa ilipoonekana kutulia kidogo, ndege ya Nairobi iliondoka, tena bila kupata ruhusa ya mnara. Haikumaliza dakika 2 angani. Ilianguka katika kinamasi cha mikoko karibu na uwanja, na watu wote 114 waliokuwamo wakafa.

Ndege hiyo ilikuwa mpya, ya miezi 6 hivi. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa na serikali ya Kameruni mwaka 2010 haikuweka lawama kwenye mitambo. Kapteni alidhani mtambo wa kuiendesha ndege wenyewe umewashwa, kumbe haukuwa umewashwa. Gizani, ndege ikaanza kuinamia kulia polepole, na hakuna aliyeziangalia saa zake. Kapteni alikuwa na miaka 52 na saa zaidi ya 8,000 za kuruka. Rubani msaidizi alikuwa na miaka 23. Ripoti inamweleza mkubwa kuwa mtu wa kutawala, na mdogo kuwa mtu mpole asiyethubutu kumsahihisha. Alipopaza sauti, ndege ilikuwa tayari imelala ubavu.

Ni rahisi kumlaumu kapteni, na ni rahisi vilevile kumlaumu kijana. Lakini msomaji aliyelelewa Afrika Mashariki ajiulize kwanza: ni nani aliyemfundisha kijana yule kuwa mpole kiasi hicho? Huenda ni wazazi wema, walimu wema na wazee wa kanisa wema.

Ugonjwa huu hauko Afrika peke yake. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Mhandisi wa ndege mojawapo alikuwa ameuliza kama njia iko wazi; kapteni, aliyekuwa mtu wa sifa kubwa katika shirika lake, alijibu kwa uhakika kwamba iko wazi, na mhandisi hakuuliza tena. Baada ya ajali za namna hiyo, marubani walianza kufundishwa jambo ambalo awali lilionekana kuwa la tabia tu: jinsi mdogo anavyopaswa kusema, na jinsi mkubwa anavyopaswa kusikia. Mdogo hufundishwa kumwita mkubwa kwa cheo chake, kutaja tatizo waziwazi, kutoa pendekezo, kisha kuuliza kama wanakubaliana.

Soma 2 Wafalme 5:13. Watumishi wa Naamani walianzaje maneno yao?

Walimkaribia, wakamwita baba. Naamani alikuwa amekasirika, na alikuwa jemadari. Neno moja baya lingeweza kuwagharimu. Hawakumwambia kwamba amekosea. Walimwita kwa jina la heshima, wakamwonyesha jinsi agizo lenyewe lilivyo jepesi, wakamwachia nafasi ya kugeuka bila aibu. Basi heshima si ukuta unaozuia ukweli kupita. Inaweza kuwa mlango wake. Kondakta wa Msamvu hahitaji kumgombeza dereva. Akisema, “Mzee, breki za nyuma zinalia. Naomba tuzitazame kabla hatujatoka,” hakuna adabu iliyovunjwa.

Sehemu ya pili ya wajibu huu haisikiki kwa masikio, kwa maana huandikwa. Kila ndege ina kitabu ambamo rubani huandika hitilafu aliyoiona, na fundi huandika alichokifanya na kutia sahihi. Si kila kasoro huizuia ndege kuondoka. Ipo orodha iliyopangwa mapema, kwa utulivu, inayosema ni kifaa gani kinaweza kuwa kibovu, kwa masharti gani na kwa muda gani: vingine siku 3, vingine siku 10. Hekima yake ni kwamba iliandikwa na watu ambao hawakuwa na abiria wanaongoja mlangoni.

Tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Lion Air huko Indonesia ilipata matatizo makubwa angani kati ya Denpasar na Jakarta. Usukani ulitikisika kwa kuonya, na pua ya ndege ikasukumwa chini mara kwa mara, mpaka marubani walipozima mtambo uliokuwa ukiisukuma. Walifika salama. Katika kitabu waliandika baadhi ya dalili, lakini hawakuandika kutikisika kwa usukani wala hatua iliyowaokoa. Asubuhi yake ndege ileile iliondoka na marubani wengine, ikaanguka baharini na watu 189. Kosa kubwa lilianzia kwa waliobuni mtambo huo, kama ilivyodhihirika tena tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi ilipoanguka na watu 157. Hata hivyo, wale waliofika salama Jakarta walikuwa na maneno ambayo wenzao wa kesho yake walikuwa na haki ya kuyasoma.

Kumbukumbu la Torati 22:8 linamtaka mwenye nyumba mpya ajenge ukuta wa kuzunguka dari lake, mtu asianguke, damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Sheria haimngoji mtu aanguke kwanza. Inamhesabia mwenye nyumba wajibu kwa mtu ambaye bado hajapanda ngazi.

Hapa hutokea jibu linalosikika mara nyingi, hata kwa Waadventista: “Tuombe tu, Mungu yupo.” Maombi kabla ya safari ni mema, na mwamini asiyaache. Lakini Shetani alipomsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, alitumia ahadi ya kweli ya ulinzi (Mathayo 4:5–7). Ubaya haukuwa katika ahadi. Sala inayoombwa ili breki zisikaguliwe inafanana mno na shauri lile.

Mkoa wa Morogoro una ushuhuda wake. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Shirika la Afya Duniani katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa hospitali ya Mtakatifu Fransis ya Ifakara. Kabla ya kupasua, watu wa chumba cha upasuaji walitajiana majina na kazi zao, kisha wakasoma kwa sauti orodha fupi ya mambo ya kuhakikisha, desturi iliyofanana na ile ya marubani. Kwa hospitali zote 8 kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Muuguzi ambaye ametaja jina lake mbele ya daktari mkuu amekwisha kufungua kinywa mara moja. Mara ya pili si ngumu sana.

Lakini vipi kama mdogo anasema, na mkubwa anakataa? Soma Matendo 27:21–26 na 30–32. Paulo hakukaa kimya kwa uchungu akingoja merikebu ivunjike ili aonekane alikuwa na haki. Aliwakumbusha onyo lake, naam, lakini hapohapo akawatia moyo. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, alisema tena, na safari hii akida akasikia. Watu 276 walifika pwani.

Maswali ya Kujadili:

Kondakta amesema kwa adabu, na dereva amemjibu, “Twende, nitakagua Chalinze.” Je, wajibu wake umekwisha? Je, awaambie abiria, hata kama atapoteza kazi inayowalisha wadogo zake?

Katika kanisa lenu, mtu mdogo kuliko wote akiona hesabu za fedha haziendi sawa, atamwambia nani? Ni lini mara ya mwisho mtu wa namna hiyo alisikilizwa?