Ukweli Anaoudai Muuza Dawa

Je, muuza dawa ana haki ya kujua kwamba ulipasuliwa tumbo ili upungue? Nauliza kwa sababu ya mama yangu mdogo. Upasuaji huo siku hizi unafanyika hata hapa nchini, Mloganzila, lakini yeye aliporudi Mkiwa aliwaambia majirani kuwa ameacha ugali. Tunaojua ni watatu. Kwetu, pale barabara ya Itigi inapokutana na ile ya Manyoni na Singida, habari ya mtu hupanda basi kabla ya mwenyewe, kwa hiyo namwelewa.

Shida ni kichwa kikiuma. Tumbo lake sasa ni kifuko kidogo kilichounganishwa na utumbo mdogo, na pale kwenye kiungo vidonda hutokea kwa urahisi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali zile zile zinazosaidia kuta za tumbo kujikinga na tindikali. Wengi hudhani sindano ni salama kwa kuwa haipiti tumboni. Si kweli, madhara hufika kupitia damu. Kimbilio la kawaida ni parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye shida ya ini huhitaji pungufu ya hapo.

Lakini nani huomba dawa kwa jina? Tunaomba “ya maumivu”, tunapewa, na mara nyingi ni kidonge chenye diklofenaki na parasetamoli pamoja. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, ulikusudia vijijini kuwe na muuzaji aliyefundishwa. Hata hivyo, akiuliza, “Mama, una vidonda vya tumbo?” majirani watano nyuma yako nao wanasubiri jibu.

Wanaosema mgonjwa amwage yote wanamdai kupita kiasi. Kant, aliyekataa uongo hata wa nia njema, hakusema tuna wajibu wa kutoa kila tunachokijua. (Lile la ugali asingelisamehe. Mimi nalisamehe.) Naona mtu anadaiwa ukweli ule ambao mwenzake ataufanyia kazi. “Diklofenaki na ibuprofeni zimekatazwa kwangu, nipe parasetamoli tupu” ni kweli kamili, na muuzaji hahitaji zaidi.

Kigumu zaidi ni upendo. Bibi akifungua pindo la kanga na kukupa kidonge alichojiwekea mwenyewe, hakina karatasi wala jina. Kukikataa ni kumkataa yeye. Mama mdogo hupokea, hushukuru, kisha hukifunga kwenye pindo lake. Nimejaribu kuuona huo kuwa udanganyifu, nimeshindwa.

Ila siri ya namna hii ina siku yake. Akizimia zahanati na nesi akavuta sindano, hatakuwepo mwenye kinywa cha kuchagua maneno. Hapo ukweli wote unadaiwa, na wa kuulipa ni sisi watatu, hata kama tuliapa kunyamaza. Tulimweleza hivyo waziwazi. Amekubali kwa sharti kwamba tumwambie nesi kwa sauti ya chini.