Mlima Usiouzwa

Soma 1 Wafalme 21:1-3. Ahabu hakuanza kwa kunyang'anya. Alianza kwa bei nzuri, na Nabothi akakataa, maana urithi wa baba zake haukuwa bidhaa.

Katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India, Wadongria Kondh huishi kwenye misitu ya milima ya Niyamgiri. Hulima ulezi, mananasi, tangawizi na manjano, nao hutegemea vijito vishukavyo kutoka mlimani. Huko juu kuna boksaiti, mawe yanayotoa alumini, na kampuni moja ilitaka kuyachimba. Ahadi zilikuwa zilezile za kila mahali: ajira, maendeleo. Tarehe 18 Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India iliagiza wanavijiji wenyewe waulizwe. Vijiji 12 vilifanya mikutano. Vyote 12 vilikataa.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Biblia anapobanwa. Kwa Wadongria mlima ule ni makao ya mungu wao, Niyam Raja, na mahakama ilitaka haki yao ya ibada izingatiwe. Nabothi alimtaja BWANA; wao hawamjui. Hata hivyo, kanuni iliyowalinda ndiyo ileile anayoiegemea kijana Mwadventista anapoomba asifanye mtihani siku ya Sabato.

Jadilini darasani: Je, mtu aweza kumsihi jirani aache mungu wake, na wakati huohuo akamtetea asiporwe mahali anapomwabudu?