Kumaliza Safari Ni Kufanya Nini?

Siku hizi wako vijana, wa kwetu na wa ng'ambo, wanaofunga safari ndefu za baiskeli, tena si juu ya lami, bali katika njia za vumbi, mawe na matope. Afikapo mwisho, msafiri hupigiwa makofi na kuvikwa medali. Furaha hiyo hatuipingi, maana jasho lina haki yake. Lakini yafaa tuulize: ni kitu gani hasa alichokimaliza?

Wapo watakaojibu upesi: amemaliza kilometa. Jibu hilo halitoshi. Tumtazame mchukuzi wa mkaa hapa Buswelu, katika Ilemela ya Mwanza. Alfajiri hufunga magunia kwa mpira nyuma ya baiskeli, akashika njia ya mawe kwenda sokoni. Jioni hurudi na unga na ada ya shule. Kesho huanza tena. Kama wema ungepimwa kwa kilometa, medali ya kwanza ingekuwa yake. Yeye humaliza safari kila jioni, mlangoni pake, mbele ya wale aliowaendea.

Twaona basi kwamba kumaliza ni kutimiza ahadi kwa watu. John Stephen Akhwari alifika wa mwisho katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, goti lake likiwa limeumia na kufungwa bendeji. Hakuwa na nishani ya kutumainia. Aliendelea kwa sababu alijua kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza.

Lakini je, yule anayezuiwa njiani? Suleiman Kangangi wa Kenya alishika nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017. Angeweza kutosheka na sifa hiyo. Badala yake akawa nahodha wa Team Amani, iliyokusudia kuwafungulia mlango waendeshaji wa Afrika Mashariki, ambao mara nyingi hukosa viza, vifaa na mashindano ya kujipimia. Mwaka 2021 Migration Gravel Race ilianza huko Maasai Mara, siku 4, kilometa 650 hivi za njia mbovu, ili wageni nao waje kushindana katika vumbi letu. Tarehe 27 Agosti 2022 Kangangi alianguka katika mashindano ya Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33.

Mashindano yale hakuyamaliza. Hata hivyo mwaka 2023 watu walikusanyika tena Mara, na wenzake waliendelea kupanda. Ahadi yake ilikuwa imeshika mikono mingine.

Labda mtu atasema kwamba kwa maneno haya twawapa wavivu udhuru. Sivyo. Aachaye kazi kwa uvivu amewavunjia ahadi waliomngoja, hata akiwa amebakiza hatua moja. Azuiliwaye na ugonjwa au mauti, akiwa amewafundisha wengine njia, hana deni.

Wazazi, mtoto akirudi na medali, mshangilieni, mpeni maji ya kuoga na chakula cha moto. Kisha mwulizeni kwa upole: mwanangu, ulikwenda kwa ajili ya nani? Akikosa jibu, msimkaripie. Mwambieni tu kwamba safari yake bado inaendelea, na baiskeli ingali nzima.